Chayo Haitiki

Thuraya, wewe uliyerithi kiti changu, umenitumia ujumbe kuniuliza kwa nini kwenye droo ya chini nimeacha karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu: MKIA USIKATWE. Ukauliza pia kama nilikuwa nikifuga ng'ombe. Sikuwahi kufuga hata kuku. Nimestaafu mwezi uliopita, asubuhi sina la kufanya ila kumwagilia mndimu wangu hapa Hail ya Maskati, basi nitakujibu kwa urefu, na wenzako waliobaki meza ya tarjuma wasome. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha tuliyokuwa tukiitumia ofisini tusipotaka Ustadh Hilal atuelewe.

Siku yangu ya kwanza kazini pale televisheni nilifika na mkoba mpya na viatu vya kisigino kirefu. Nilidhani kutarjumu filamu ni kukaa na makamusi kwa utulivu. Bwana Nasor, mkuu wa meza wakati ule, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, aliitazama miguu yangu kabla ya kunitazama uso. Akasema, "Hivyo viatu vivue, bibiye. Hapa twafanya kazi kwa mguu." Chini ya meza palikuwa na kikanyagio. Ukikibonyeza kwa vidole kanda inasimama, ukikibonyeza kwa kisigino inarudi nyuma. Wiki ile ya kwanza niliirudisha nyuma sentensi moja mara nyingi mpaka goti likavimba, na nilipomwambia akanijibu kwamba goti ndilo linalojifunza mwanzo, kichwa hufuata.

Bwana Nasor alivaa koti la sufu mwaka mzima, kwa kuwa mashine zilitaka baridi na yeye hakuitaka. Shingoni alining'iniza saa ya kuhesabia sekunde. Kazi yenyewe mnaijua, lakini nyinyi mmeikuta kompyuta ikiwafanyia hesabu. Sisi tulikuwa tukibonyeza saa mtu anapofungua mdomo, tunabonyeza tena anapoufunga, kisha tunaandika kwa penseli Kiarabu kitakachosomeka ndani ya muda huo. Mistari miwili, isizidi. Maandishi yasining'inie wakati picha imeshabadilika. Na jina la mtu lisikosewe, hata kama mtu mwenyewe amepita tu na sinia. Hili la mwisho alilirudia sana, na mimi nililichukulia kuwa ni maneno ya watu wazima.

Wakati ule tamthilia za Kimeksiko ndizo zilizokuwa zimetuteka. Zilikuja zimeshatiwa sauti za Kiarabu fasihi, watu wakiachana na kurudiana kwa Kiarabu cha khutba, na mitaa ya Matrah ilitulia saa zake zikifika. Sisi hatukuzigusa. Zetu zilikuwa filamu zilizokuja pamoja nazo kwenye fungu moja, kwa sababu muuzaji hakukubali kuuza tamthilia peke yake. Filamu zenyewe hakuna aliyeziomba. Zilitengenezwa na watu ambao hata kwao majina yao hayakutoka nje ya mtaa. Ofisini tuliziita vijazio. Zilirushwa mchana, kati ya kipindi cha mapishi na adhana ya alasiri, na alipewa mtarjumu mgeni ili akiharibu asiharibu kitu cha maana. Mgeni nilikuwa mimi.

Filamu ilikuja na karatasi za maneno yaliyosemwa, kwa Kiingereza, zilizoandikwa sijui wapi na mtu aliyekuwa na haraka. Kispaniola sikukijua. Bwana Nasor alikijua kidogo, kwa masikio. Alinifundisha kwa kuanzia nyumbani: asukar ni sukari, aseite ni zeti, yaani mafuta, almoada ni mkhadda, mto wa kulalia, na mtu akitamani jambo husema ohala, ambayo ukiisikiliza vizuri utamsikia Mwarabu wa Andalusia ndani yake akimtaja Mola. Nilifurahi, nikajiona nimeshakuwa fundi.

Ndipo nikapewa filamu ya Fidencio Urrabazo. Hamjapata kumsikia, najua. Huyu bwana alitengeneza filamu chache, zote katika mji mmoja mdogo wa ndani, zote kwa kamera iliyowekwa chini, usawa wa macho ya mtu aliyeketi. Ile niliyopewa ilimhusu Chayo, mtumishi katika nyumba ya familia moja. Bibi wa nyumba anamwita tangu kunapokucha. "Chayo!" Naye anajibu, "Mande?" Filamu karibu yote ni hiyo. Anaitwa akianika nguo, anaitwa akiwa chooni, anaitwa akiisoma barua ya mwanawe kwa shida, herufi moja moja. Mwisho anaketi jikoni, anajimiminia kahawa katika kikombe cha wageni. Anaitwa mara tatu, na haitiki. Anainywa ile kahawa mpaka inakwisha, kisha majina yanapanda.

Aliyekuwa Chayo anaitwa Hermelinda Ocaranza. Nitarudi kwake.

Katika karatasi za Kiingereza, kila Chayo alipojibu, pameandikwa katika mabano kwamba anaitika. Basi. Neno lenyewe halikuandikwa. Mahali pamoja tu, mwandishi alijisahau akaweka "nini?". Na mimi, goti limevimba na siku zimebanana, nilifanya nilichoona ni akili: palipo na mabano nikaacha patupu, na pale pa "nini?" nikaandika kwa Kiarabu, "Unataka nini?" Maneno ya bibi wa nyumba niliyatarjumu yote, kwa ufasaha, hata nikajisifu.

Ilirushwa. Simu zikaanza kulia kabla ya adhana. Watu waliuliza kama filamu imekatwa, maana imeisha mtu anakunywa kahawa. Mmoja aliuliza kwa nini yule mtumishi bubu alimjibu bibi yake jeuri mara moja kisha akanyamaza tena. Bwana Nasor aliichukua kanda, akaniketisha, tukaitazama kutoka mwanzo. Chayo alipoinua kikombe, akaisimamisha kwa mguu.

"Umemfanya bubu," akasema.

"Karatasi haikuwa na neno, Bwana Nasor."

"Masikio unayo? Mwanamke asema filamu nzima. Mtazamaji anayesoma, lisiloandikwa kwake halikusemwa. Sasa kunyamaza kwake kuna maana gani, na yeye tangu mwanzo umemnyamazisha weye?"

Nililia msalani. Nilipotoka alikuwa amenimiminia chai, akasema kulia ni haki yangu lakini kosa ni langu vilevile, na iko siku nitalitengeneza. Hakusema lini. Alidhani pengine mwaka ule. Nilimwahidi, na ahadi hiyo ndiyo iliyonishika shati miaka yote iliyofuata.

Tangu hapo nikawa navitazama vijazio kwa jicho jingine. Kila filamu ya Kimeksiko iliyoletwa niliiomba, wenzangu wakinicheka kwamba nimepata mchumba huko. Nilinunua daftari la shule lenye jalada gumu. Mnajua kwamba filamu ikisha, majina yakianza kupanda, sisi hukata papo hapo twende kwenye matangazo. Huo ndio mkia. Mimi kabla haujakatwa nilikuwa nauandika, jina baada ya jina, mguu kwenye kikanyagio. Ukiandika mikia mingi unaanza kuwajua watu. Nilimjua mzee mmoja mwenye sikio lililokunjika, Abundio Quezadas, ambaye kila mara alikuwa askari wa zamu au dereva wa teksi, na katika dakika zake mbili alikuwa daima na jambo lake la kufanya: anamenya chungwa, anatafuta ufunguo, anashona kifungo. Hakuwahi kusimama tu akingoja zamu yake ya kusema. Nilizoea kumsubiri. Alipotokea nilisema, "Ahlan, Mzee Sikio," na Bwana Nasor akaitikia kutoka kwenye koti lake.

Na Hermelinda nilimkuta tena na tena. Alikuwa mpishi, mwuza samaki, mkunga, mwanamke wa foleni. Mara nyingi mhusika wake hakupewa hata jina. Lakini mtazameni akiingia chumbani. Waigizaji wengine huingia wakijua kwamba tunawatazama. Yeye aliingia akitafuta pa kuweka alichokibeba. Akiwaza hakukunja uso, alipunguza mwendo wa mikono. Katika filamu moja anaambiwa kwamba mumewe hatarudi, naye anaendelea kuchambua maharage, ila anaanza kuyaweka mabovu na mazima bakuli moja. Hakuna neno hapo, na mtarjumu hana kazi. Nililiacha lile tukio jeupe kabisa, na safari hii nilijua ninachofanya.

Bwana Nasor alistaafu, kisha akafa, Mungu amrehemu, na filamu ya Chayo ilikuwa bado haijatengenezwa. Kila nilipoomba irushwe tena niliambiwa haki zake zimekwisha. Baadaye niliambiwa kanda yake imerikodiwa juu yake mechi. Kilichobaki ni nakala yangu ya kazi, ile yenye namba za saa zinazokimbia katikati ya picha, ambayo huwezi kumwonyesha mtu mwenye macho yake. Nikaichukua nyumbani. Vikanyagio vikaondolewa, zikaja kompyuta, mkaja nyinyi. Mimi nikawa natajwa kuwa ni mkongwe, neno ambalo ukilisikia mara ya kwanza unageuka kutazama nani kasimama nyuma yako.

Miaka ya mwisho alikuja kwetu Neema, mwanamke wa Morogoro, kumsaidia mama yangu. Mama ni mtu mzima sana sasa, masikio yamepungua, sauti haijapungua hata kidogo. Anamwita Neema kwa ajili ya miwani, kwa ajili ya tasbihi, kwa ajili ya kumwuliza kama amemwita. "Neema!" "Abee, bibi!" Nyumba yetu inakwenda hivyo. Na nisijitoe, mimi pia nilikuwa namwita.

Siku moja ya likizo niliiweka ile nakala ya namba niitazame, Neema yuko nyuma yangu anakunja nguo. Nilisikia mkunjo umesimama. Kispaniola hakijui hata neno, Kiarabu hakisomi. Aliketi ukingoni mwa kochi na shuka mkononi, akatazama mpaka mwisho.

"Mama," akaniuliza, "hiyo mande ndiyo abee yao?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nikilisaka neno katika Kiarabu, nimejaza kurasa. Naam ilikuwa kavu. Hadhir, yaani niko tayari, ilikuwa ya askari. Na neno lenyewe lilikuwa jikoni kwangu, likisemwa tangu asubuhi. Mande ni adabu ya watu wale: mtu akiitwa hasemi nini, anasema niamuru. Kama sisi, mwanamke akiitwa haulizi unataka nini, anasema abee. Na abee yenyewe tumeambiwa imetokana na labeka, na labeka imetoka Uarabuni. Nilikuwa nimelikanyaga neno nikizunguka dunia kulitafuta.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndiyo abee yao."

"Basi huyu dada ni fundi. Abee ziko nyingi, mama. Ile ya asubuhi ni abee ya kukimbia. Akiwa na nguo mdomoni, ile ni abee ya 'nakuja, ila siji sasa hivi'. Ya kwenye barua ni 'nimesikia, usirudie'. Halafu pale mwisho..." Akakunja lile shuka, akalifunua, akalikunja upya. "Pale mwisho zimemwishia."

Niliona haya, Thuraya. Nilikuwa nimeisoma kazi ya Urrabazo kwa miaka, na aliyeifahamu kuliko mimi alikuwa nyuma yangu akikunja foronya. Siku ile ile nikaamua: sirudishi kadi ya mlangoni kabla filamu hii haijaonyeshwa hapa Maskati kama alivyoitengeneza mwenyewe, na Chayo ana ulimi wake. Ilibaki miezi minane nistaafu.

Niliandika barua kwa kila anwani niliyoipata, kwa Kispaniola changu cha masikio. Niliandikia chuo, maktaba, hata kanisa la mji ule. Nyingi hazikujibiwa. Moja ilijibiwa na mtu aliyedhani nauza mitende. Mwezi wa nne nikapata jibu la binti yake Fidencio Urrabazo, mwalimu wa shule. Baba yake alikwishafariki. Filamu ipo, safi, imeshahifadhiwa katika kompyuta, na hakuna aliyeiulizia kutoka nje ya nchi kabla yangu. Angeituma bila neno, kwa sharti moja: majina ya mwisho yaonyeshwe yote. Baba yake, aliandika, aliyapanga kinyume na desturi. Anaanza mwanamke aliyewaletea chakula, anafuata mwenye jiko walilolipigia picha, wanafuata mafundi, waigizaji, na yeye Urrabazo ni wa mwisho kabisa. Alikuwa akisema filamu inaishia hapo, si kwenye kikombe.

Nilimwuliza pia kuhusu Hermelinda. Neema alikuwa ameniapia kwamba yule dada amewahi kufanya kazi za ndani, mikono haidanganyi. Binti akajibu hapana. Hermelinda alikuwa mshona nguo. Kabla ya kupiga picha alikaa wiki mbili jikoni kwa mwanamke mmoja, ameketi kwenye kigoda, haulizi kitu, anatazama tu, na mwisho akaomba aruhusiwe kuosha vyombo. Nilidhani Neema atavunjika moyo. Akasema, "Wiki mbili? Mimi hapa nina miaka sita, na hakuna aliyekaa kunitazama hata dakika mbili."

Nikaenda kwa Ustadh Hilal, mkuu wetu wa vipindi. Si mtu mbaya, mnamjua. Alinisikiliza, akaagiza kahawa.

"Ya ukhti Zuwena," akasema, "hata kwao hawamjui mtu huyu. Nani hapa atamtazama?"

"Walipiga simu mara ile, Ustadh."

"Walipiga kulalamika."

"Kwa kosa langu. Waliitazama mpaka mwisho, ndiyo maana walijua kuna kitu hakipo."

Akafikiri. Nadhani aliniheshimu uzee. Akasema sawa, atanipa nafasi, tena si ya mchana, ya jioni ya Alkhamisi, ambayo hakuna kijazio kilichowahi kuipata. Nilitaka kumbusu mkono. Kisha mkaguzi wa lugha akaletewa maandishi yangu, na palipokuwa na labbeh, yaani labeka, kama wanavyoitikia watu majumbani, akaweka kila mahali "naam, ya sayyidati", naam ewe bibi yangu, sawasawa mara zote, kama muhuri. Nikapigana naye siku tatu. Nikamwuliza mama yake akimwita hujibu hivyo? Akanirudishia labbeh zangu, lakini salamu alininyima mpaka nimestaafu. Likabaki la mkia. Hapo Ustadh Hilal alinyoosha mikono: majina yanapanda dakika nne, saa ile ni ya matangazo, na sheria ya kukata haikutungwa na yeye.

"Watu wote wa Oman wataiona, Zuwena. Kwa ajili ya dakika nne za majina ya watu tusiowajua?"

Nilirudi mezani nikakaa. Nafasi ile niliitamani kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote kazini. Nani angejua? Binti yuko ng'ambo ya bahari mbili. Lakini nilikwisha kumnyamazisha mwanamke mmoja kwa sababu karatasi ilisema si muhimu, na sasa nilikuwa naombwa niwanyamazishe wote waliomzunguka. Nikaenda nikamwambia Ustadh Hilal ahsante, sitaki. Akadhani naumwa. Ndipo nilipoiandika ile karatasi ya wino mwekundu, Thuraya, si kwa ajili yenu. Niliiandika ili nisirudi kwake kesho yake kuomba radhi.

Nikatafuta ukumbi. Kuna mmoja Matrah, ghorofa ya pili, juu ya maduka ya vitambaa, ambao watu wa filamu huutumia. Viti sitini na vichache, kiyoyozi kimoja chenye kelele. Wakanipa Ijumaa moja baada ya alasiri, wiki yangu ya mwisho kazini. Ijumaa ndiyo siku ya Neema na wenzake kupumzika. Akaniuliza kama anaweza kuwaalika. Nikamwambia waje. Kisha nikakumbuka kwamba wengi wao Kiarabu cha maandishi hawakisomi.

Sikiliza jambo hili, maana mimi lilinishangaza. Kazi ya maisha yangu yote ilikuwa maneno chini ya picha, na sikuwahi kuandika hata mstari mmoja kwa lugha niliyonyonya kwayo. Hakuna aliyenikataza. Haikunijia tu. Nilikaa siku kumi na moja kuweka Kiarabu juu na Kiswahili chini, mstari mmoja mmoja, na Kiswahili kikaniangusha nilivyo mkongwe. Kinapenda kurefuka, kina viambishi vinavyokula nafasi, na sekunde hazijali viambishi. Neema alikuwa akinikatia. "Mama, mtu mwenye hasira hasemi 'tafadhali niletee'. Anasema 'lete'." Abee peke yake zilituchukua siku mbili. Ile ya kukimbia tuliiandika Abee! na alama yake. Ile ya nguo mdomoni tukaandika Mbee. Ya kwenye barua, abee kwa herufi ndogo bila nukta. Na palipokuwa na kimya nilipaacha peupe, nikapima kwa saa aliyoniachia Bwana Nasor, kwa heshima tu, kompyuta ilikuwa imeshanipa jibu.

Ijumaa ile nilikuwa na hofu ambayo sikuwa nayo hata siku ya harusi yangu. Mbele waliketi ndugu zetu na wachache wa ofisini, wewe mwenyewe ulikuwa safari. Nyuma wakajaa akina Neema, wa Morogoro, wa Tanga, wa Mombasa, wamejipamba, wananukia. Mama yangu nilimweka kando ya njia, kwenye kiti chake cha magurudumu, na miwani yake. Masikio hayasikii lakini Kiswahili anakisoma vizuri, alisomea Vikokotoni, Unguja. Hakuwa amenisoma kabla.

"Chayo!" bibi wa nyumba akaita, na chini ikatoka Abee! Kule nyuma mtu akacheka. Mara ya pili wakacheka wengi. Mara ya nne, kabla maandishi hayajatoka, sauti moja kutoka nyuma ikaitikia, "Abee!" na ukumbi ukaangua kicheko. Basi ikawa ndiyo mchezo. Kila akiitwa Chayo, wanaitika wao, tena kila mmoja kwa namna yake, ya uvivu, ya adabu, ya kukata tamaa, na ndugu zetu wa mbele nao wakaanza, akina bibi wa Hail wenye watumishi wao wenyewe, wanaitika abee wakifuta machozi ya kucheka. Nilikasirika. Niliona filamu ya watu inanifia mikononi mara ya pili. Nilitaka kusimama nizime.

Kisha Chayo akaketi jikoni. Akashusha kikombe cha wageni.

"Chayo!"

Nikangoja kelele. Haikuja. Nikageuka kutazama nyuma, na wote walikuwa wamefunga midomo, Neema amekaa wima mikono magotini.

"Chayo!"

Hermelinda alipuliza kahawa yake. Nilisikia kiyoyozi. Mbele hakuna aliyetikisika. Mimi mwenyewe abee ilikuwa imeshafika menoni, nikaibana.

"Chayo!"

Na hapo mama yangu, asiyesikia, aliyekuwa akisoma jina lile chini ya picha mara ya tatu na chini yake peupe, akampigia kelele bibi wa nyumba kwa sauti yake yote:

"Mwache mtoto wa watu anywe kahawa yake!"

Hakuna aliyecheka. Majina yakaanza kupanda, la mleta chakula likiwa mbele, na ukumbi mzima ukakaa mpaka la mwisho.